Dar hadi Mtwara kwa gari na washkaji: kusini si njia ya kukimbia

Nahodha wa Nchi Kavu:

Wakuu, habari za muda huu.

Kila uzi wa safari humu ni Bagamoyo, Tanga, Lushoto, Arusha. Kusini ikitajwa, anayeitaja ni mtu aliyepanda basi alfajiri, akasinzia Mkuranga, akaamshwa Mtwara, halafu anakuja kuandika "njia ndefu, hakuna cha kuona". Sasa huu ni wa wenye gari, au wenye rafiki mwenye gari, na watu wa kuelewana nao ndani ya hilo gari. Sisi tulikuwa wanne, wawili wa kike wawili wa kiume, wote tumesoma chuo kimoja, na Noah ya siku nyingi yenye nafasi ya kulaza mabegi na ya kulaza mtu.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga ajiandae. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560, njia ya lami, na gari likiwa zima unazimaliza kwa siku moja. Usizimalize. Lala Kilwa, na usilale usiku mmoja. Watu wengi Kilwa wanaijua kwa kibao cha pale Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa, tu. Wanasimama, wananunua maji, wanachimba dawa, hao wanaondoka. Kumbe wameacha nyuma mji ambao miaka 700 iliyopita ulikuwa unapitisha dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, na kugonga sarafu zake wenyewe.

Ila kabla ya barabara tuongee pesa, maana urafiki mwingi haufi kwa pancha, unafia kwenye hesabu ya mafuta. Tulichanga kabla ya kuondoka, kila mtu sawa, zikakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Tukamchagua yule ambaye hata chuo alikuwa akikukopesha vocha ya mia tano anakudai mbele za watu. Mafuta, gesti, chakula cha pamoja, boti na vibali vinatoka kwenye mfuko. Bia, soda ya pili na zawadi ya mama mkwe kila mtu na lake. Na mwenye gari hakuchangia mafuta. Gari linalochakaa ni lake, tairi ni zake, na shokapu zikianza kugonga ni yeye atakayeenda gereji wakati sisi tunarusha picha.

La mwisho kabla sijaendelea: tochi za trafiki za kupima mwendo. Kuanzia Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana hadi Kibiti vijiji vimeshikana. Kibao cha 50 unakikuta kabla hujaona nyumba, na cha kukiondoa unakikuta umeshasahau kama uliwekewa. Faini ni 30,000 kwa kosa, na ukiwa na haraka makosa yanajipanga foleni. Sisi tulikubaliana anayeendesha akipigwa tochi analipa mwenyewe, nje ya mfuko. Hutaamini jinsi mwendo ulivyopoa ghafla.

Nakuja na sehemu ya Rufiji.

Kijana wa Tegeta:

Naweka kambi hapa. Swali la haraka mkuu, IST inatoboa au lazima gari la juu?

Nahodha wa Nchi Kavu:

Inatoboa hadi Mtwara mjini bila shida, kiangazi. Msimbati, ule ufukwe wa mbele ya Mtwara, usiipeleke, nitaeleza kwa nini.

Mama Kisamvu:

Hapo kwa mwenye gari kutochangia mafuta umeharibu. Mwenye gari naye anasafiri, anakula upepo kama nyie. Achangie nusu.

Nahodha wa Nchi Kavu:

Bibie, siku ukitoa gari lako ukawabeba watatu wenye mabegi kama wanahama, tutarudi kwenye hiyo nusu.

Dereva Mstaafu:

Vijana mnanikumbusha mbali. Nimeendesha lori njia hii enzi za pantoni ya Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Mnasema kilomita 560 kwa siku moja kwa sababu hamkuwepo. Mto Rufiji ukijaa, pantoni inasimama, foleni inarudi nyuma hadi mama lishe wanahamia pale na masufuria yao. Na ukivuka hujamaliza, bado kuna kile kipande cha Ndundu kwenda Somanga, kilomita 60 hivi, udongo wa mfinyanzi. Masika gari likishuka pale halitoki kwa hasira, linatoka kwa trekta au kwa jua. Kipande hicho ndicho kilichochelewa kupata lami kuliko vyote, na ndicho kilichofanya watu wa Lindi na Mtwara waonekane wako nchi nyingine.

Na msidhani yameisha. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara maeneo ya Somanga. Lindi na Mtwara zikawa zinafikiwa kwa kuzungukia Songea. Hesabu wenyewe hiyo ni Tanzania nzima upande. Kwa hiyo Machi hadi Mei, kijana usiende kutalii huko. Nenda kuanzia Juni, barabara imekauka na joto limepungua.

Nahodha wa Nchi Kavu:

Shikamoo mzee. Hilo la masika nilikuwa nalo kwenye maelezo, sasa limetoka kwa mwenyewe.

SEHEMU YA PILI

Ukiondoka Kibiti unafika Ikwiriri, halafu daraja. Lina karibu kilomita nzima, mita 970. Usisimame katikati yake kupiga picha, malori ya saruji kutoka Mtwara na ya jasi kutoka Kilwa hayana subira na wewe. Vuka, egesha pembeni ng'ambo, rudi kwa miguu. Chini yake Rufiji ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na bondeni kuna mashamba ambayo mto unayapa rutuba mwaka huu na kuyazoa mwakani. Ukifuata maji haya kuelekea baharini unaingia delta, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Humo ndimo Wajerumani walikoificha manowari yao Königsberg Vita ya Kwanza, Waingereza wakaitafuta na kuizingira kwa miezi, hadi Julai 1915 ikapigwa na wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake waliivua wakaikokota nchi kavu kuendelea na vita. Mmoja wetu alisoma hili kwenye simu kwa sauti, dereva akauliza hiyo manowari iliingiaje kwenye mto wenye mchanga hivi. Tulibishana hadi Somanga. Hiyo ndiyo raha ya gari kuliko basi. Kwenye basi ubishi unakatwa na muziki.

Somanga tulikula samaki. Sisifii mahali, nasifia jambo. Barabara inakaribia bahari, na samaki anayekaangwa pale alikuwa anaogelea asubuhi. Changu mkavu, ndimu, ugali wa moto na pilipili ya kusagwa. Aliyeshika mfuko alilipa bila kuguna, mara ya kwanza na ya mwisho.

Pale pale Somanga ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapotokea baharini. Gesi yenyewe iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika kuzalisha umeme Dar 2004. Miaka 30 ikiwa chini inatusubiri. Mwanauchumi wetu wa kwenye gari alikuwa na maoni marefu hapa, siyaweki.

Mmatumbi Halisi:

Umepita Njianne na hukupinda kwenda Kipatimu? Hapo ndipo umeacha nyama ukala mchuzi.

Wakuu, vita ya Maji Maji haikuanzia vitabuni, ilianzia milima ya Matumbi. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani shambani, wazi wazi, kama kumwambia njoo. Kinjikitile Ngwale yeye alikuwa Ngarambe, ndiye aliyegawa maji ya dawa. Walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza inaanza. Huko juu kuna mapango ya Nang'oma ambako wazee walijificha. Barabara ni ya vumbi, milima ni ya kijani, na mzee wa kukueleza kwa kina hajakosekana bado. Safari nyingine pangeni.

Nahodha wa Nchi Kavu:

Mkuu, tulikijadili hicho kipinda, ila jua lilikuwa linashuka na sikutaka Noah ipande milima nisiyoijua gizani. Kimeandikwa. Lakini Maji Maji tulikutana nayo mbele, Kivinje.

SEHEMU YA TATU: KILWA

Nangurukuru unakunja kushoto. Kabla hujafika Kilwa Masoko kuna njia inachepuka kwenda Kilwa Kivinje, na hapa watu wengi hawaingii kwa sababu hoteli ziko Masoko. Ingieni. Kivinje ulikuwa mji mkubwa wa karne ya 19, mwisho wa njia ya misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa. Sasa hivi ni mji wa wavuvi wenye nyumba za ghorofa zinazoanguka polepole. Milango ya nakshi bado inafungwa kila jioni, lakini juu yake dari hakuna, kuna mpapai. Boma la Mjerumani limetazamana na bahari, limeliwa na chumvi.

Kuna vitu viwili pale vilivyotushika. Kimoja ni mnara mdogo wa Wajerumani wawili waliouawa mwaka 1888, pwani yote ilipowawakia watu wa kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuitawala. Kingine ni Mwembe Kinyonga, mahali walipokuwa wananyongea watu. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani miaka ile, alinyongwa Kivinje 1895. Waliouawa wawili wana jiwe. Walionyongwa wana jina la mwembe. Rafiki yetu mmoja, ambaye ndiye mwongeaji wa gari, hakusema neno hadi tunafika Masoko.

Masoko gesti zipo za kila mfuko. Gesti moja tulikuwa tumeweka nafasi kwa simu na kutuma kianzio, tukafika tukakuta vyumba wamepewa watu wa semina. Dada wa mapokezi akasema "nyie mlichelewa", saa kumi na moja jioni! Tukarudishiwa kianzio baada ya majadiliano, tukaenda jirani, tukapata pazuri zaidi na upepo wa bahari bure. Ushauri ni kwamba ukituma kianzio omba ujumbe wa maandishi wenye tarehe, na piga tena asubuhi ya safari.

Sasa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu. Kibali unakata ofisini pale Masoko, Mtanzania analipa kidogo, mgeni analipa zaidi, na unapewa mtembezaji. Bandarini unachagua mashua ya wenyeji, inayojaza ndiyo iondoke, au unakodi boti mkagawana. Sisi tulipanda na wenyeji. Tulikaa na mama mwenye ndoo ya unga, fundi na mbao zake, na kuku wawili wasiotaka kusafiri.

Kitu cha kwanza unachokiona kutoka majini ni Gereza, ngome iliyokaa ufukweni. Wareno waliupiga mji 1505 wakajenga ngome, baadaye Waomani wakaijenga upya. Ukishuka, unapita kijijini kwanza. Kisiwa kina watu wanaoishi, watoto wanaokwenda shule, kwa hiyo vaa nguo za heshima na omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera.

Msikiti Mkuu ndio unaokusimamisha. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na ya 12, halafu karne ya 14 ukapanuliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu. Ibn Battuta alimkuta 1331 na akauandika mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Ndani ni nguzo na matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiweka kiganja kwenye ukuta unaona kabisa mashimo madogo ya matumbawe, yale yale unayoyakanyaga ukienda kuvua pweza. Mtu aliitoa bahari akaifanya paa. Mwenzetu ni mhandisi wa ujenzi, alikaa chini ya kuba moja kwa muda mrefu akitafuta nondo. Hakuna nondo.

Kutoka hapo hadi Husuni Kubwa ni mwendo wa miguu juani, bebeni maji. Ni jumba la yule yule al-Hasan, juu ya jabali linaloangalia mkondo wa bahari. Lina vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogea la pembe nane limechimbwa pale juu ambapo hakuna mto wala chemchemi. Kwa hiyo kila tone alilooga sultani lilibebwa na mtu. Mtembezaji wetu alituonyesha bwawa, akakaa kimya, akasubiri tulifikie wenyewe. Mtembezaji anayejua kunyamaza mpe bahasha.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, maana bahari ilikuwa inakula kuta, zikatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Songo Mnara ni safari nyingine ya boti, mbali kidogo, na inategemea maji kujaa na kupwa. Ndiyo maana nasema usilale usiku mmoja. Ukiwa na usiku mmoja unachagua. Ukiwa na zaidi unauliza nahodha maji yakoje, unakwenda yanapokubali.

Mama Kisamvu:

Nitasema ukweli wangu. Mimi nilikwenda na shule, niliona mawe. Tukala biskuti, tukarudi.

Nahodha wa Nchi Kavu:

Na shule unakwenda kuandika madokezo, mwalimu anapiga kelele msitawanyike. Nenda na mtu unayempenda na mtembezaji mzuri, asubuhi mapema. Ukirudi na msimamo huo huo nakununulia chakula.

Mama Kisamvu:

Chakula nimekubali. Mtu wa kupendwa nitafutie pia.

Mwanahistoria wa Mtaa:

Naongezea moja. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, 1944. Nani alizipeleka, wataalamu wanabishana hadi leo. Siku ukibeba sarafu yenye jina la sultani wa pwani yetu ikaokotwa Australia ndipo utajua Kisiwani haikuwa ya biskuti.

Kijana wa Tegeta:

Mkuu endelea, Lindi vipi? Tumefika au tumelala?

Nahodha wa Nchi Kavu:

SEHEMU YA NNE

Nangurukuru hadi Lindi barabara inaingia ndani, misitu, vijiji vimeachana, Kiranjeranje, Mbwemkuru, halafu bahari inarudi Mchinga. Jaza mafuta Nangurukuru. Lindi tulipita mchana, tukala, tukaangalia ghuba, tukaendelea.

Mlindi Mvumilivu:

Yaani Lindi mistari miwili. Kilwa umeandika kama hotuba ya bajeti, sisi "tukala, tukaangalia ghuba". Kwani Kilwa iko mkoa gani mkuu? Si hapa hapa Lindi?

Haya nikuandikie mwenyewe. Lindi ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla Mtwara haijachukua. Ghuba yetu ukiiangalia jioni, pantoni ikivuka kwenda Kitunda na watu wametulia na baiskeli zao, hutatamani kuendesha tena siku hiyo. Kuna mashamba ya chumvi, kuna nyumba za zamani mjini, kuna pweza.

Na kuna mjusi, yaani dinosaria. Mjusi wa Tendaguru alitoka huku, kaskazini magharibi ya mji. Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, na ilibebwa vichwani na mabegani na watu wetu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mtanganyika, Boheti bin Amrani, ila kibao cha jumba la makumbusho Berlin watu wanasoma majina ya Wajerumani. Mjusi amesimama kule, zaidi ya mita 13 kwenda juu, watoto wa Berlin wanamlipia kiingilio. Ukifika Lindi ukakaa pale bandarini ukawaza ile mizigo inashushwa, hiyo si "tukaangalia ghuba".

Nahodha wa Nchi Kavu:

Mkuu hapo nimefunga mdomo. Wasomaji, chukueni maelezo ya Mlindi yawe sehemu ya nne, yangu yafuteni.

Dereva Mstaafu:

Mlindi amesema kweli. Sisi wa malori tulikuwa tunalala Lindi kwa makusudi, si kwa uchovu.

Nahodha wa Nchi Kavu:

SEHEMU YA MWISHO: MTWARA

Kutoka Lindi unafika Mnazi Mmoja, njia panda. Magharibi unakwenda Masasi, na wewe unafuata kushoto kwenda Mtwara. Hapo ndipo tulikutana na ming'oko.

Akina mama wamekaa na mabeseni, vizizi vyembamba vimechemshwa, vimefungwa mafungu. Unamenya ganda kwa kucha, linatoka jembamba kama karatasi, ndani ni nyeupe yenye ungaunga, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Ni mzizi wa porini, haulimwi, unachimbwa. Mhandisi alisema haina ladha, huku anamenya wa pili. Hadi tunafika Mikindani sakafu ya gari ilikuwa imejaa maganda na beseni zima lilikuwa limekwisha.

Mikindani ipo kabla ya Mtwara, kwenye ghuba ya mviringo yenye minazi na mibuyu. Livingstone alianzia hapa 1866 safari yake ya mwisho kuingia bara. Boma la Mjerumani la 1895 limekarabatiwa likawa hoteli, panda juu uangalie mji, mabati yenye kutu na makuti yamechanganyika na kuta za mawe. Ukitaka kuona Kivinje ingekuwaje kama mtu angeikumbuka mapema, angalia hapa.

Mtwara mjini ni pana, barabara zimenyooka, nafasi hadi unashangaa. Ndivyo ulivyopangwa. Baada ya Vita ya Pili Waingereza walitaka kulima karanga kusini, Nachingwea, wakajenga bandari ya kina kirefu hapa na reli ya kuunganisha mashamba na bandari. Karanga zikakataa, mpango ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1950, reli ikang'olewa muongo uliofuata. Bandari ikabaki na sasa inakula korosho.

Binti Mtwara:

Karibuni nyumbani. Mmekuja msimu gani? Maana Oktoba hadi Desemba ndiyo raha, mabibo chini ya kila mkorosho na uraka vijijini. Tahadhari, uraka ni mtamu kama juisi, unakunywa unasimama miguu haipo.

Na Msimbati mlifika?

Nahodha wa Nchi Kavu:

Tulifika, na ndiyo sababu nilimwambia wa IST asithubutu. Kijijini mchanga ni mwingi, gari dogo linakaa chini kama kuku anayetamia. Shusheni upepo wa matairi kabla ya kuingia, msisimame kwenye mchanga, na dereva asipunguze mafuta ghafla. Mbele yake ni ufukwe mweupe ambao gari linapita kwenye mchanga mgumu maji yakipwa. Ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, kwa hiyo kuna kiingilio, lipeni na mchukue risiti. Maji ni ya rangi mbili, na kina kinaanza ghafla karibu na ufukwe. Asiyejua kuogelea abaki kwenye magoti.

Msimbati ndiyo kuna visima vya gesi ya Mnazi Bay pia. Unaogelea, na nyuma yako mabomba yanapeleka gesi Dar. Mwanauchumi wetu akaanza tena. Tukamzamisha.

Binti Mtwara:

Hahaha. Na vinyago mlinunua? Wamakonde wenyewe wakichonga mpingo mbele yako, si vile vya kupaka rangi ya viatu.

Nahodha wa Nchi Kavu:

Nilinunua kimoja. Kipimo nilichopewa na mchongaji mwenyewe ni hiki: kikwangue chini kwa kisu, mpingo ni mweusi hadi ndani na ni mzito kuliko unavyoonekana. Chepesi sana, kirudishe.

Kijana wa Tegeta:

Mkuu sisi tunataka kwenda Novemba, na mwenzetu anataka papa potwe wa Mafia. Inaunganika na njia hii au ni safari ya pekee?

Nahodha wa Nchi Kavu:

Inaunganika vizuri. Papa potwe wanaonekana Mafia kuanzia Oktoba hadi kama Februari, kwa hiyo Novemba mpo ndani. Kabla ya kufika Kibiti kuna njia ya kushoto inayoshuka Nyamisati, huko ndiko vinakotoka vyombo vya kwenda Mafia. Gari mnaliacha bara, kwa hiyo pangeni na mtu wa kulilinda, na mumlipe nusu mkiondoka nusu mkirudi. Fikeni Nyamisati usiku wa kuamkia, chombo hakiwasubiri walioshindwa kuamka Tegeta.

Ila msifanye Mafia mkienda. Fanyeni mkirudi, mkiwa hamna haraka ya Mtwara tena. Na mwenye mfuko atenge pesa ya boti kabla ya kuondoka Dar, kwa sababu kwenye kurudi huwa haipo.

Mama Kisamvu:

Hiyo Novemba nafasi ngapi zimebaki? Nachangia mafuta hata kama gari si langu.

Kijana wa Tegeta:

Moja. Njoo faragha, na uje na leseni, maana dereva tuliyenaye hajawahi kuvuka Kongowe.